Hotuba ya Mwenyekiti wa Kamati ya Kuchonga Manifoldi ya Gari la Mkunga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye simu yake haipatikani. Wajumbe wa Kamati Kuu, Kamati Ndogo na Kamati ya Viburudisho. Fundi wetu mpendwa, uliyejibanza hapo mlangoni mwa karakana. Mama mkwe wangu, mkunga wa zahanati yetu, uliyekaa mstari wa mbele na mkoba wako wa kazi mapajani. Na ninyi wengine wote, kila mmoja ajitaje kimoyomoyo kwa cheo anachokipenda: nawasalimu! (Makofi ya wastani.)

Ndugu zangu, mtakumbuka kwamba miaka miwili iliyopita gari la mama mkwe lilikuwa likipanda kilima cha zahanati kwa kusuasua, kiasi kwamba likibeba mama mjamzito na mumewe, mume alilazimika kushuka asukume. (Kicheko.) Msicheke, hiyo ni takwimu. Fundi akalitazama, akasema kwa lugha yake ya gereji kwamba manifoldi, yaani yale mabomba yanayopeleka hewa kwenye injini, yana vinundu ndani, na kwamba akipewa tupa, msasa na gasketi mpya atayachonga yawe laini, hewa iingie ya kutosha, gari lipate nguvu bila kununua injini nyingine. Kazi ya siku tatu, akasema. Nami, kama kiongozi mwenye maono, nikajiuliza: jambo la siku tatu lina hadhi kweli?

Ndipo tukaliegesha gari hapa, tukalifunga kwa usalama wake, tukaunda Kamati ya Kitaalamu ya Uboreshaji wa Mfumo Shirikishi wa Uingizaji Hewa, tukafanya fizibiliti stadi, tukaitisha wekshopu tatu za mastekiholda kuhusu kapasiti bildingi ya bomba, na leo natamka bila kumung'unya maneno kwamba tumekaa vikao arobaini na kimoja, ambavyo asilimia tisini na sita vilichelewa kuanza na asilimia mia moja viliisha kwa chakula, na kwa makadirio yetu hewa imeongezeka kwa asilimia mia moja na kumi na saba. (Makofi mazito kutoka Kamati ya Viburudisho.) Fundi naye alituandikia barua tisa. Zote tulizijibu kwamba zinafanyiwa kazi.

Wapo wanaonung'unika, mmoja wao naishi naye nyumba moja, kwamba mkunga sasa anapanda kilima kwa miguu, na kwamba mwezi uliopita mtoto alizaliwa kabla hajafika. Mtoto huyo ni mzima, na Kamati imempa uanachama wa heshima. (Miguno.) Naona mama mkwe amesimama. Karibu mama, ila kwa ufupi, ratiba imebana.

("Mkwe wangu," anasema mkunga taratibu, "safari hii mtoto alipona. Leo naondoka na gari langu, au siondoki nalo?" Makofi marefu kuliko yote.)

Swali zuri sana, mama, na jibu lake ni ndiyo, kwa mtazamo mpana. Basi tuzindue. Fundi, fungua boneti! (Fundi hasogei.) Fungua, ndugu yangu, usione haya. (Fundi anasema barua zake zote tisa zilikuwa na ombi moja tu: ufunguo wa gari.)

Eti ufunguo. (Anajipapasa mifuko ya koti.) Ah. Huu hapa. Mtakubaliana nami kwamba umetunzwa vizuri.

Nahitimisha. Hewa kwanza! Manifoldi laini! (Mtu mmoja anakohoa.) Namshukuru fundi, ambaye kwa miaka miwili hajagusa hata nati moja, kwa kuwa ufunguo nilikuwa nao mimi. Naishukuru manifoldi, iliyobaki vilevile ilivyotoka kiwandani. Namshukuru mama mkwe, ambaye amenyoosha mkono, na namkabidhi ufunguo rasmi. (Mkunga anaupokea, anampa fundi. Fundi anasema siku tatu.) Mimi ningependekeza kamati ndogo ya kufuatilia hizo siku... (Mkunga anamtazama.) Siku tatu, mama. Siku tatu zinatosha.

Na kwa siku hizo tatu, mkoba wako nitaupandisha kilimani mimi mwenyewe. (Mkunga anamkabidhi mkoba.) Asanteni kwa kunisikiliza. Naomba mnipishe njia, kuna mama anasubiri huko juu.