Ombi la Kumfufua Bi Umeme

Ndugu Mhariri wa jarida la katuni la Majabari,

Kwako wewe unayeamua nani afe na nani apone, salamu nyingi kutoka karakana ya makochi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi mahali palaini. Sisi huku kiafya hatujambo, ila mioyo imetibuka, na aliyeitibua ni wewe.

Mimi ni fundi makochi. Pia ni mwenyekiti wa wasomaji wa jarida lako katika mtaa huu, cheo nilichopewa kwa sababu viti ni vyangu. Kila toleo jipya likitoka tunakusanyika karakanani mchana, kazi ikipoa: Kinyozi wa mlango wa pili, Mwalimu Mstaafu ambaye ndiye hutusomea kwa sauti, Shemeji, yaani kaka wa mke wangu, na mimi. Tunakalia makochi ya wateja yanayosubiri kuvikwa. Anayechelewa hukalia lile ambalo bado ni mbao tupu. Nakala ni moja, midomo ni mingi, na ugomvi hautuishii.

Mke wangu huwa humo humo, kwenye cherehani, anashona vitambaa vya makochi akiwa ametupa kisogo. Yeye hasomi jarida. Husema hana nafasi ya kufuatilia watu wazima wanaovaa chupi juu ya suruali. Lakini nimeishi naye vya kutosha kujua kwamba Mwalimu akifika penye jina la Bi Umeme, cherehani hunyamaza. Bi Umeme akipita, cherehani huendelea. Jioni tukifunga kazi, alikuwa akiniuliza kama mtu asiyejali: "Yule dada yenu leo wamemfanyaje?" Nami nilimsimulia njia nzima hadi mlangoni, na mara nyingine tulizunguka mtaa wa pili ili hadithi iishe.

Hayo sasa yamekwisha, na chanzo ni ile kura yako.

Unakumbuka uliweka ukurasa mzima wa vikaratasi vya kukata kwa mkasi, kila msomaji aandike chake kama Bi Umeme afe au aishi. Sisi tuliandika afe. Usishtuke, Ndugu Mhariri. Tulifanya hivyo kwa mapenzi, na naomba unisikilize hadi mwisho.

Sisi si wasomaji wa jana. Mkono wa Zege alipoangukiwa na daraja akafa, Kinyozi alilia mpaka akamkwaruza mteja sikio. Jabari akarudi na mikono miwili ya zege badala ya mmoja. Mtu Upepo alizama mtoni, akarudi na mkanda mpya na meno meupe kuliko yale ya kwanza. Kijana Kibiriti aliungua akawa majivu, akarudi na gari. Kwa hiyo tukaelewa, kama mtu yeyote mwenye akili zake angeelewa, kwamba ndani ya Majabari kufa ni kupandishwa cheo. Na Bi Umeme alikuwa amekaa pale pale miaka nenda rudi. Ana radi mikononi ya kuangusha mlima, lakini kazi mnayompa ni kummulikia Mkono wa Zege njia. Tukasema mtoto wa watu naye apande. Kinyozi alibeba kampeni mabegani: hakuna mteja aliyeruhusiwa kushuka kitini, ndevu zimenyolewa upande mmoja, kabla hajaandika "Afe".

Toleo likaja, Bi Umeme akafa, nasi tukapongezana kwa kupeana mikono. Toleo la pili tukamsubiri arudi na cheo chake. Hola. La tatu, hola. Ndipo Mwalimu akaenda nyumbani kufukua matoleo yote ya zamani, akarejea amenyong'onyea kama aliyefelisha darasa zima. Akatutangazia kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kufa katika Majabari akarudi. Mchumba wa Mtu Upepo, dada wa Kijana Kibiriti, yule daktari mwenye miwani, wote walikwenda jumla.

Kwa heshima zote, basi, naweka mbele yako malalamiko haya:

1. Namna alivyokufa. Bi Umeme anaruka angani. Ndiyo kazi yake tangu toleo la kwanza. Ninyi mmemuua kwa kumwangusha kutoka ghorofani. Mwalimu alirudia ukurasa ule akidhani ameruka mahali. Mkono wa Zege, ambaye hawezi kuruka hata mtaro, aliwahi kudondoka kutoka mwezini akapata mkwaruzo wa goti. Na sababu ya Bi Umeme kuanguka ni kisigino cha kiatu kukatika. Kinyozi aliuliza ni nani huyo anayekwenda vitani na viatu vya harusini, na kwa kuwa hakuna aliyejua, tuliishia kumtazama Shemeji, ambaye huwa ana majibu. Naye akasema labda alikuwa ametokea huko huko harusini.

2. Mavazi. Hapa naongea kama mtu wa kazi ya vitambaa. Vazi zima la Bi Umeme nimelikadiria kwa jicho, halitoshi kuvika kigoda. Joho la Mkono wa Zege linavika kochi la watu watatu pamoja na mito yake, na kitambaa kinabaki. Baridi ya huko mawinguni ni ile ile kwa wote wawili. Isitoshe, mchoraji wako amemchora marehemu akianguka huku kifua na makalio vyote vinamtazama msomaji kwa wakati mmoja. Kinyozi alisema mwili wa binadamu haufanyi hivyo. Shemeji akasema unafanya, ni suala la mazoezi. Tukamwomba atuonyeshe. Alionyesha, kiuno kikakataa kurudi, na ilibidi mke wangu aache cherehani aje amkande na maji ya moto. Shemeji hadi leo anatembea upande upande, na naomba jambo hili uliandike kama madhara yaliyompata msomaji akiwa katika kusoma.

3. Msiba. Nimehudhuria misiba mingi, lakini huu wa kwenu sikuuelewa. Kurasa zote ni Mkono wa Zege. Mkono wa Zege analia. Mkono wa Zege anapiga ukuta. Mkono wa Zege amefunikwa blanketi na majabari wenzake wanamuuliza anajisikiaje. Marehemu mwenyewe yuko kwenye jeneza na lile lile vazi la kigoda, hakuna aliyefikiria kumfunika hata kitambaa cha kichwa. Mama yake yuko wapi? Kuna mtu aliyempigia simu? Mwalimu anasema katika matoleo yote Bi Umeme hajawahi kuonekana akila, wala akizungumza na mwanamke mwenzake, isipokuwa yule aliyekuwa akipigana naye makofi kwa sababu ya Mkono wa Zege.

Shemeji alikutetea. Alisema mwanamke asipokufa, jabari atapata wapi hasira ya kumaliza hadithi? Tulimhamishia kwenye kochi la mbao akafikirie upya, lakini hata huko aliendelea kubisha na kile kiuno chake. Kilichomnyamazisha ni ukurasa wa mwisho. Jeneza halijafika kaburini, tayari amejitokeza mwandishi wa habari wa kike, sura ni ile ile ya marehemu, kilichobadilika ni nywele tu, naye anamshika Mkono wa Zege begani. Shemeji alifunga jarida mwenyewe akasema hii sasa ni dharau.

4. Nyumbani kwangu. Siku Mwalimu alipotoa taarifa yake, mke wangu alikata uzi, akageuka, akasema: "Kwa hiyo mmemuua." Basi. Tangu hapo najibiwa "mm". Nikisema jambo refu sana, napata "mm-hm". Jioni tunatembea kimya kama watu waliokutana njiani kwa bahati mbaya.

Sitaki udhani kwamba ananitesa. Hapana, kila kitu kinakwenda kama kawaida. Anaamka kwanza, anateka maji, anakuja kufungua karakana kwa sababu mimi asubuhi nachelewa kuchangamka. Anapima, anakata, anashona. Mchana anawapikia chai wasomaji, na wakiondoka anafagia maranda na kurudisha makochi ya watu mahali pake. Wateja wanaisifu sana mishono yetu. Juzi mmoja alinishika mkono akasema, "Fundi, mkono huu una baraka," nami nilimshukuru kwa niaba yetu sote. Kwa hiyo chakula kipo, kazi inakwenda, sijapungukiwa. Nimepungukiwa lile swali la njiani tu. Lakini nakuambia ukweli, Ndugu Mhariri, linaniuma. Nimejaribu kumsimulia habari za Mtu Upepo, nimejaribu hata kutia chumvi, haikusaidia. Sikujua kwamba ile njia ya kwenda nyumbani ndiyo niliyokuwa naisubiri kutwa nzima, na kwamba jarida lako lilikuwa kisingizio.

5. Ninachodai. Kwanza, Bi Umeme afufuliwe katika toleo lijalo. Arudi na suruali ndefu, koti la mvua, na viatu vya kufunga kamba. Ukurasa wa kwanza aonekane amekaa anakula, na asikatizwe. Ukurasa wa pili ampigie simu mama yake. Ile radi yake aitumie kwa shughuli zake binafsi. Mkono wa Zege anunuliwe tochi.

Ikiwa hilo haliwezekani, basi iwe haki kwa wote. Majabari wanaume wafe, na wakifa wakae huko huko. Tuanze na Mkono wa Zege, afe kwa kuteleza bafuni, asifunikwe blanketi, na msiba wake usizidi kipande kimoja cha picha pale chini kwenye kona, penye tangazo la sabuni. Kinyozi yuko tayari kurudia kampeni. Wateja bado wapo na nyembe ni kali.

Na ikiwa hata hilo ni gumu, nakualika wewe mwenyewe uje karakanani. Kochi la mbao liko wazi. Utakaa hapo, mke wangu atageuza kiti chake, nawe utamweleza ana kwa ana kwa nini mtu anayeruka alikufa kwa kuanguka. Mimi nitakuwa nyuma ya mito, nikisikiliza.

Nisalimie mchoraji, mwambie binadamu ana uti mmoja tu wa mgongo. Nisalimie anayepaka rangi, mitambo na wanaoiendesha, mfagizi wa ofisi na wote nyumbani kwako. Hata Mkono wa Zege nisalimie, ingawa kwa sasa hatuelewani. Kinyozi na Mwalimu wanakusalimu. Shemeji naye anakusalimu kwa upande.

Ni mimi msomaji wako mtiifu mwenye kinyongo,

Fundi Makochi,
Mwenyekiti wa Wapenzi wa Majabari, Tawi la Karakana.

Nyongeza: Ndugu Mhariri, nilipokwenda kumsaidia mteja kupakia kochi niliiacha barua hii mezani, na mke wangu ameisoma. Nimerudi nikamkuta ameshika kiuno. Amesema, tena kwa mkupuo, hata imenibidi niandike mbio mbio: "Nani kakutuma umrudishe? Mwacheni mwenzenu. Akirudi si atammulikia tena yule bwana, halafu sifa apewe bwana? Mimi nilikata kikaratasi changu kabla yenu, nikaandika afe. Tangu muanze kumsoma, pale kwenye jeneza ndiyo mara ya kwanza nimemwona kalala." Nikamuuliza, basi mbona umeninunia wakati wote huu? Akasema hakununa, alikuwa anamwonea wivu marehemu.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu naomba uyafute. Bi Umeme abaki alipo. Asiamshwe, hata kwa chakula.

Limebaki swali moja, na nakuomba ulijibu upesi kwa sababu wewe ndiye mwenye uzoefu. Baada ya kusema hayo mke wangu amefunika cherehani, ametia nguo zake kwenye begi na amekwenda kwa dada yake kupumzika. Hakusema mpaka lini. Hiyo kanuni yenu kwamba mwanamke akishaondoka harudi, ni ya kwenye katuni tu, sivyo?