Mzee wa Uani Asiondolewe Kwenye Gemu la Fundi wa Mapaa

Ndugu Mhariri,
Ukurasa wa Maoni ya Wachezaji,
Jarida la Michezo ya Mkononi.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaoketi chumba kimoja. Sisi hapa hatujambo. Goti langu la kulia, ambalo ndilo chanzo cha haya yote, linaendelea vizuri.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Miezi saba iliyopita nilipasuliwa goti, na binti yetu wa pili, ambaye ni daktari wa meno na hapendi kuona mtu amekaa bure, aliniletea kile kifaa cha kuchezea gemu kinachoshikwa mkononi, kikiwa na gemu moja tu ndani. Kwa faida ya wasomaji wasiolijua, nitalieleza. Shujaa wake ni fundi wa mapaa. Hana upanga wala bunduki. Silaha yake ni ngazi, na ngazi hiyohiyo ndiyo ya kupandia. Ukitaka apande, unasimamisha kifaa wima. Ukitaka amchape adui, unakizungusha kifaa chenyewe hewani, kwa hiyo ni vizuri chai iwe mbali. Ukitaka apumzike, unakilaza kifudifudi nawe unapumzika. Sijapata kuona kitu kilichofikiriwa vizuri namna hii tangu mistari ya kontua kwenye ramani.

Fundi huyu anaanzia uani kwa mzee anayemfundisha kazi. Mzee anaeleza jambo, kisha kioo kinauliza, "Umeelewa?" Majibu ni mawili: "Nimeelewa" na "Nieleze tena". Kwa miezi saba nimejibu "Nieleze tena". Kwanza ni kwa adabu, maana si vizuri kumkatisha mtu mzima. Pili ni kwa ukweli, kwa kuwa kila mara nagundua jambo ambalo sikulishika. Kwa miaka thelathini na sita nilisikia wanafunzi wakiniambia "Nimeelewa, Mwalimu", na siku ya mtihani mito yao yote ikapanda mlima.

Sasa toleo lako la mwezi huu limechapisha maoni thelathini na nane kuhusu gemu hili, na kulipatia alama nne kwa kumi. Nimeyasoma yote mara mbili, penseli mkononi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwendo. Mchezaji anayejiita Kidole Moto anaandika: "Gemu linakimbia mno, hupati hata muda wa kupumua." Nasikitika kusema kwamba huu ni uongo. Mimi napumua vizuri kabisa. Nimelicheza kwenye benchi la kusubiri mazoezi ya viungo, nimelicheza kwa kinyozi, na sijawahi kuharakishwa. Siku moja nilimwacha fundi ameshika ngazi, nikaenda kuoga, nikala, nikajibu barua mbili. Niliporudi mzee alikuwa bado anamngoja, tena bila kununa.

2. Vitu vya kubuni. Wachezaji kumi na tisa wanataja ndege mwenye vichwa viwili, mji uliojengwa kwa vioo, na treni inayopita chini ya bahari. Nimekagua ua wote. Kuna ukuta, pipa la maji, kuku watatu na lango lililofungwa. Kila kuku ana kichwa kimoja, nimehesabu. Nadhani watu hawa walicheza gemu jingine wakakosea kuandika jina. Nilipomsomea mke wangu kipengele hiki, naye ni fundi cherehani na hufanyia kazi hapahapa sebuleni, alisema, "Mwalimu, labda hivyo vitu viko nje ya lango." Nilimweleza kwa upole kwamba mtu haandiki habari za nchi asiyoifikia. Alisema, "Haya," akarudi kwenye pindo lake.

3. Kashfa. Mchezaji Dada Chaji anadai kwamba dada yake fundi "ni msaliti, anauza kijiji kizima mkifika mji wa nne, nililia mpaka macho yakavimba." Ndugu Mhariri, binti huyu namwona kila siku. Huja uani na ndoo, huuliza, "Kaka, umekula?", huwatupia kuku punje, huondoka. Kama huyu ni msaliti, basi hakuna wa kuaminiwa katika nyumba yoyote. Naomba jarida limwombe radhi, kwa herufi kubwa kama zile zilizomchafulia jina.

4. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mtu anayejiita Mchovu wa Ghorofa ya Nne ameandika: "Gemu tamu, ila yule mzee wa mwanzo anaboa. Maneno, maneno, maneno. Mtoeni tuendelee na safari." Chini yake wachezaji thelathini na mmoja wamemuunga mkono. Na chini yao, katika kisanduku, mmetangaza kwamba watengenezaji wamesikia kilio hicho, na kwamba mwisho wa mwezi huu mzee ataondolewa. Mahali pake patawekwa mishale miwili na neno "Anza".

Niliisoma habari hiyo nikiwa nimesimama, jambo ambalo daktari wa goti amenikataza.

Naomba nieleze huyu mnayemwondoa ni nani. Ni mtu anayejua ngazi iegemezwe ukutani kwa pembe gani ili isiteleze, na anayejua kwamba aliyeambiwa mara moja ameambiwa nusu. Mara ya arobaini na moja alipoeleza jinsi ya kushuka, niligundua kwamba hukohoa kidogo kabla ya kusema "mguu wa kushoto", kana kwamba aliwahi kuumia hapo. Je, Mchovu wa Ghorofa ya Nne analijua hilo? Hawezi kulijua. Alishapita mbio. Na hata hapo ghorofa ya nne sidhani alifika kwa ngazi.

Sitaficha kwamba jambo hili linanigusa mwenyewe. Siku ya kuniaga shuleni nilipewa nafasi ya kusema machache. Nilikuwa katikati ya sentensi, tena sentensi nzuri, kuhusu jinsi upepo unavyojengwa na joto, kengele ikalia, na ukumbi ukabaki viti vitupu na mwenzangu wa hisabati aliyekuwa amesinzia. Sina kinyongo. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza upepo unatoka wapi, na mzee wa uani ndiye mtu pekee ninayemfahamu ambaye anaruhusiwa kumaliza.

5. Madhara kwa taifa na kwa meno. Leo mshale unachukua nafasi ya mzee. Kesho binti yangu atamchorea mgonjwa mshale shavuni na kuandika "Ng'oa". Kesho kutwa rubani atakabidhiwa mshale unaoelekea juu, na abiria wataambiwa "Anza". Nimempa kinyozi wangu mfano huu akaniambia, "Mzee, tulia, nitakukata sikio," nami naona hilo linathibitisha hoja yangu, kwa sababu na yeye kuna mtu alikaa chini akamweleza masikio yako wapi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naamini hayazidi uwezo wa ofisi yako:

(a) Maoni yote thelathini na nane yafutwe, na waandishi wake warudi uani.

(b) Kabla ya mtu kutoa maoni, abonyeze "Nieleze tena" mara ishirini mbele ya shahidi asiye ndugu yake. Kisha afanye mtihani. Nimeshatunga maswali arobaini; la saba lina mchoro.

(c) Mzee aongezewe maneno. Nimeambatisha kurasa kumi na moja anazoweza kuanza nazo, zikiwemo za upepo.

(d) Wachezaji watakaoshindwa mtihani waletwe kwangu. Sebule yetu inachukua watu tisa, kumi na mmoja tukisogeza cherehani. Mke wangu ameomba niandike kwamba cherehani haisogezwi. Basi tisa.

Nakuomba uwafikishie watengenezaji ombi hili kabla mwezi haujaisha. Mtu asiondolewe kwa kosa la kueleza.

Nisalimie wapiga chapa, mhasibu, mlinzi wa mlango wenu, na hata huyo Mchovu, ambaye simchukii. Namwonea huruma tu kwa aliyoyakosa. Mke wangu anawasalimu. Binti yetu anawakumbusha kusugua meno ya nyuma.

Wako katika kueleza na kueleza tena,
Mwalimu Mstaafu wa Jiografia,
ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.

Nyongeza: Barua hii haikuondoka juzi kama nilivyokusudia. Mke wangu aliomba kumwona huyo mzee ninayemtetea, nikampa kifaa. Kioo kilipouliza, "Umeelewa?", alibonyeza "Nimeelewa" kabla sijamaliza kumfafanulia swali. Lango likafunguka. Ndugu Mhariri, sijui nianzie wapi. Kuna treni. Tunakishika kifaa pamoja, yeye anapanda, mimi nazungusha. Taa ya sebuleni tumeshaivunja, na wateja wawili waliokuja kuchukua nguo wamekaa kutazama na wamekataa kuondoka. Kuhusu yule dada bado sina la kusema, ila leo ameuliza njia ya siri ya kuingilia kijijini na sikupenda alivyouliza. Tatizo ni kwamba kila tukianguka tunarudishwa uani, na mzee anaanza upya habari za ngazi na mguu wa kushoto wakati watu wanne tunamsubiri. Kwa kweli anaongea sana. Wekeni mishale. Na kama hapo ofisini kuna anayejua jinsi ya kukipata kichwa cha pili cha yule ndege, namba yangu iko nyuma ya bahasha. Apige simu, asiandike. Nina haraka.