Jaji Kutoka Machochwe

Jumatatu, 2 Machi

Mkuu wa chuo, Mama Amondi, kaniita ofisini. Kaongea kwa upole. Hapo ndipo nilipoogopa. Klabu ya mdahalo imeshindwa mara tatu mfululizo mikononi mwangu. Ikishindwa na Ijumaa, inakwenda kwa Vincent, mwalimu kijana wa michezo, na mimi nitasimamia nguruwe wa chuo. Nguruwe! Miaka sita ya kulea wasemaji, niishie kubeba pumba.

Mada imeshafika: mahakama ya juu kabisa iwe huru kubatilisha uamuzi wake wa zamani. Sisi tunapinga. Wanaounga mkono ni chuo cha kule Serengeti, na mwalimu wao ni Nashoni. Nashoni ni esaro yangu, rika moja, tulitahiriwa msimu mmoja. Tangu siku ile anawaambia watu kwamba mimi nilikunja uso. Uongo. Jua lilikuwa kali.

Jumanne, 3 Machi

Hotuba ya Mokami, msemaji wetu wa kwanza, imefika kurasa kumi na nne. Kasoma mbili, kisha kaniuliza kwa adabu kama nakumbuka kapewa dakika saba. Nimemwambia asome haraka. Kauliza tena kama anaweza kusema kwa maneno yake mwenyewe. Vijana hawa!

Tumepanga ishara. Nikishika sikio, aende hoja inayofuata. Nikikuna kichwa, ataje katiba. Nikipiga chafya, akae chini.

Tatizo ni kwamba Nashoni naye ni mtu wa ishara, tena fundi kunishinda. Bila yeye ukumbini, wanafunzi wake ni kondoo. Ila nani atamzuia mwalimu asiingie kwenye mdahalo?

Jumatano, 4 Machi

Nimepata!

Wenyeji ni sisi, kwa hiyo jaji twamchagua sisi. Na kule Machochwe yupo Bibi Boke, mzee wa baraza wa mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini, mama asiyependelea mtu. Pia ni mama mzazi wa mke wa Nashoni. Mkurya gani atakaa chumba kimoja na mama mkwe wake? Hata kumtazama usoni hawezi.

Nimempigia Bibi simu, shikamoo mbili kwa mpigo. Kakubali. Jina la Nashoni nimesahau kulitaja. Mama Amondi kasema kwa mara ya kwanza anaona nimefikiri.

Neema, mke wangu, kaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia ni mambo ya sheria. Kasema kwao sheria haijawahi kumchekesha mtu.

Ijumaa, 6 Machi

Niandike haraka kabla sijaanza kujionea haya.

Saa nne ukumbi ulikuwa umejaa. Nashoni kaingia na tai nyekundu, kaniuliza nguruwe hawajambo. Nani kamwambia? Mara Bibi Boke akatokea mlango wa mbele. Nashoni kumwona tu, akajifunika uso kwa faili na kutokea mlango wa nyuma, kiti kikaanguka. Nilicheka mpaka nikashika meza.

Mshereheshaji alikuwa Vincent. Akaona amweleze mgeni. Mwalimu Nashoni ametoka kidogo, akasema, lakini asiwe na shaka, mwenzake wa rika, Mwalimu Wangwe, bado yupo. Hawa walitahiriwa pamoja, akaongeza, akininyooshea kidole.

Bibi akavua miwani. Hakunitazama. Alisema na Vincent.

"Esaro ya mkwe wangu ni mkwe wangu. Huyu naye anangoja nini humu?"

Nilisahau! Miaka hamsini na mbili ni Mkurya, nikasahau. Nikatokea mlango uleule, nikakiruka kiti kilekile.

Nashoni alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha.

"Karibu, mkwe mwenzangu," akasema, akanisogezea karanga.

Vumbi likanipa chafya. Nikamwomba Mungu Mokami asikae.

Hakukaa. Tulisikia kishindo mezani: kurasa zangu zote kumi na nne. Akasema kwa maneno yake. Kwamba watu wamejenga, wameoa na kugawana mashamba wakiutegemea uamuzi wa jana, na atakayeubomoa awaambie kwanza watalala wapi.

"Walimu wawili wametoka humu bila askari wala hati," akamalizia. "Huo ndio uamuzi wa zamani, na bado unafanya kazi. Mkiubatilisha, Mwalimu Wangwe atarudi ndani na karatasi zake."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nashoni karanga zikampalia, nikampiga mgongoni, kwa nguvu kidogo.

Tumeshinda!

Jumatatu, 9 Machi

Mama Amondi kanipongeza. Klabu inabaki kwangu, kwa sharti moja: kila mdahalo nikae nje. Kasema hajawahi kuiona timu imetulia vile. Ni heshima kubwa.

Mwezi ujao tunakutana na chuo cha Musoma. Mwalimu wao, Jairo, ni Msabato wa kweli, yeye na msemaji wake. Nimewaandikia waandaaji kuomba mdahalo ufanyike Jumamosi. Mkakati huu sasa hauna tundu hata moja.

Katikati ya barua Mokami kabisha hodi, Biblia kwapani. Kanieleza kwa furaha kwamba jana ameamua kubatizwa kwa Wasabato, hivyo anaomba Jumamosi asipangiwe kazi yoyote. Msichana wa shukrani kama huyu! Nimempa Jumamosi zote mpaka mwisho wa mwaka, nikatia saini na muhuri.

Kisha nikaikimbiza barua posta mwenyewe. Mambo mazito hayatumwi mtu.