Muswada wa Soko na Kitanda cha Dada

Jumatatu, 9 Juni
Sijamwambia mtu yeyote hili: Mama anadhani niko kozi ya kompyuta. Uongo mtupu. Nashinda bungeni, jukwaa la wageni, kiti cha nyuma kabisa. Leo umesomwa mara ya kwanza muswada wa kuvunja soko la zamani. Pale chini ya ngazi ndipo Mama anaposhonea sare za shule. Wanataka maegesho. Maegesho! Lakini kanuni ziko upande wangu: muswada husomwa mara tatu, siku tofauti, na katikati kamati husikiliza wananchi. Nimejiandikisha kusema Alhamisi. Mimi, niliyemaliza shule bila kunyoosha kidole!

Jumanne, 10 Juni
Nimeihutubia ndoo bafuni. Dada akagonga mlango, akauliza huyo mheshimiwa humo ndani anaoga au anaomba kura. Mchokozi! Kwenye chakula akataka tubadilishane, kitanda chake kije dirishani, changu kiende mlangoni. Mama akamkumbusha sheria ya nyumba: jambo likiletwa leo linaamuliwa kesho, watu wakishalala nalo. Safi sana. Nitalala nalo, na nitaamka nimekataa.

Jumatano, 11 Juni
Asubuhi Waziri kasimama, kaomba kanuni zitenguliwe kwa maslahi ya umma. Spika akauliza wanaoafiki. Ndiyoooo! Basi. Kusomwa mara ya pili, mara ya tatu, kamati hakuna, wananchi hakuna, kisha wakaenda kunywa chai. Mmoja alizinduka usingizini akamuuliza jirani yake wamepitisha nini. Nikasimama nipige kelele. Ikatoka sauti ya kifaranga. Askari wa mlangoni akaniambia, kwa huruma, kwamba choo kiko kushoto.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwenda kamati hivyo hivyo, na hotuba yangu mkononi. Chumba kitupu, viti vimepandishwa juu ya meza. Nikamwonyesha karani kanuni ya siku tatu tofauti. Akasema ni kweli ipo, ila hata ya kuitengua ipo, kurasa chache mbele. Kitabu kizima, halafu ukurasa mmoja wa kukifuta! Akaniambia nisilie juu ya nyaraka za ofisi.

Jumamosi, 14 Juni
Soko limefungwa jana. Cherehani imerudi nyumbani. Mama anaipangusa tu. Itakaa chumbani kwetu, lakini upande wa nani, wangu wa dirishani au wa Dada mlangoni? Kwa sheria ya nyumba, tulale nalo kwanza. Nikangoja Dada aingie kuoga. Nikamwambia Mama hili ni la dharura, sheria isimame leo tu, kwa maslahi ya nyumba: cherehani ikae upande wa Dada. Mama, hoi kwa uchovu, akasema ndiyo, fanyeni mtakavyo. Ndiyo zimeshinda! Nikasukuma kitanda cha Dada mpaka kikaziba nusu ya mlango. Akatoka na povu masikioni, akifoka kwamba hakuna aliyemuuliza. Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba Mheshimiwa amechelewa, shughuli zimeshaahirishwa.

Wale wabunge sitawasamehe maisha yangu yote. Watu wazima, hawana haya hata kidogo!

Shajara yangu, hilo la kungoja mpaka nisikie maji yanamwagika, tafadhali, libaki letu wawili.