Ushindi wa Loisi katika Ukurasa wa Thelathini na Moja

Tulieni, enyi mama wenye mabinti, wekeni chini michi na miko, na wewe uliyeacha mboga motoni kaiipue kwanza ndipo urudi uketi, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Inasimuliwa hapa vita iliyopiganwa Dodoma mwaka wa pili tangu gari la moshi la Mdachi lifike, vita ambayo askari wa boma hawakuisikia wala Bwana Shauri, mkubwa wa boma, hakuiandika, nayo ilipiganwa nyuma ya tembe, baina ya mwanamke na mkwewe, na silaha yao ilikuwa daftari moja la hekaya. Sikilizeni, mjifunze kuogopa.

Alikuwako Loisi, mke wa Mazengo, Loisi wa miaka minne ya shule ya misheni, Loisi Mnusa-Hatari, aliyekuwa akiuona ugonjwa ukingali kwa jirani unajifunga mkanda wa safari. Mungu alimjalia binti mmoja tu, Zipora, na kwa ajili ya binti huyo Loisi alihofia nyoka, akahofia homa, akahofia gari la moshi lisije likachoka na njia yake ya chuma likamfuata mtoto mpaka nyumbani. Kitu kimoja tu hakukihofia, nacho kilikuwa kusoma, kwa kuwa alimfundisha yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa kidole. Hapo ndipo adui alipopata mlango.

Adui aliingia kwa mkono wa jirani mwema. Kuluthumu, mwanamke wa Kondoa, mkewe mfanyabiashara wa chumvi, alikuwa na kaka yake karani huko pwani, na karani huyo kila alipopata hekaya mpya iliyotungwa na watu wa huko aliinakili katika daftari akaituma kwa gari la moshi. Madaftari hayo Kuluthumu aliwaazima wanawake wote waliojua kusoma, kwa sharti moja. "Kwangu daftari halirudi bubu," alisema. "Ukirudisha, useme limekukuna wapi na limekuudhi wapi. Sitaki mtu wa kuniambia ni zuri tu, kama anasifu mtoto wa mgeni."

Mwaka ule yalikuja mawili. La kwanza liliitwa *Kasri Lirukalo*, na Zipora alilisoma kwa sauti uani, wanawake wakisaga uwele. Na desturi yao ilikuwa kwamba asomaye hasagi, fungu lake husagwa na wenzake. Humo mlikuwa na jini wa vichwa saba aliyebeba kasri zima mawinguni, na farasi mwenye mbawa, na upanga uliojua kusema. Kuluthumu alimpenda jini, ila harusi ya mwisho ilimchosha. "Kurasa arobaini watu wanakula pilau," alisema. "Mimi nilishiba kwenye wa tatu."

Loisi hakuona cha kuhofia katika hilo. Yeye aliuliza tu, jiwe la kusagia mkononi, "Huko juu mawinguni maji alipanda nayo nani?" Wanawake wakacheka wakasaga, na jambo likapita kama wingu la kiangazi.

La pili, ole, halikupita. Liliitwa *Machozi ya Binti Yasmini*. Humo mwana wa waziri, jina lake Shamsi, anakiona kisigino cha Yasmini dirishani anazimia. Akizinduka analia siku saba pasipo kula. Kisha anakwenda jangwani miaka saba kuitafuta lulu, ili ajulikane kuwa anapenda. Zipora alilisoma mara tatu. Mara ya tatu alifunga daftari, akaja jikoni alikokuwa mama yake, akasema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi:

"Mama, ile harusi yangu na Silvano ingengoja."

"Ingoje nini?"

"Silvano hajawahi kuzimia."

"Azimie kwa nini, Zipora? Ana afya."

"Ndilo hilo ninalolisema, mama."

Mwiko ukamtoka Loisi mkononi ukaangukia majivuni. Maana Silvano, mbeba mizigo wa stesheni, kijana wa mabega kama milango, ndiye aliyemchumbia Zipora tangu mavuno yaliyopita. Na wazee wa kwao walikuwa waje siku ya tatu kupanga siku ya harusi. Wakifika na binti aseme ngoja, wangebeba fimbo zao na neno lao wakalipeleke nyumba nyingine, nyumba zenye mabinti zilikuwa nyingi, na Zipora angebaki dirishani akimngojea mtu wa kuzimia katika nchi ambayo watu huzimia kwa njaa tu. Na tembe yenyewe haina dirisha.

Basi Loisi akaapa kiapo kikubwa kimoyomoyo: ataingia ndani ya daftari hilo mwenyewe, alipekue ukurasa kwa ukurasa, alitoe kasoro zake moja moja kama mtu anayechambua mchele wa dukani, kisha amwekee binti mbele ya macho.

Siku mbili alipigana. Kidole chake kilitangulia kama kiongozi wa msafara, midomo yake ikafuata, na macho yakaja nyuma yakiburura mzigo. Mboga ya mlenda ikaungua. Mbuzi wakala kifagio. Mazengo alirudi kutoka malishoni akakuta jiko baridi.

"Mama Zipora, leo hatuli?"

"Ngoja kidogo. Yasmini anaumwa."

Mazengo akafikiri. "Yasmini ni mtoto wa nani?"

"Wa tajiri mmoja. Hawamjali."

"Basi umpelekee uji," akasema Mazengo, akaenda kulala na njaa akiwa amejaa huruma. Na Loisi akafuta macho akasema ni moshi, ingawa moto haukuwapo.

Ikafika asubuhi ya siku ya tatu, siku ya wazee. Silvano alikuwa amekuja mapema, kama ilivyompasa mchumba, kukandika udongo kwenye ukuta wa nyuma wa tembe uliobomolewa na mvua. Na hapa ijulikane sheria ya nchi, kwa wageni wasioijua: mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani, tangu siku ya posa, wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Likiwapo neno la lazima, husemwa kwa kitu cha tatu kilicho karibu, mtoto au mti. Asubuhi ile kitu cha karibu kilikuwa beberu mweupe, aliyefungwa kwenye pembe ya nyumba, kichwa upande wa Silvano na mkia upande wa Loisi.

Loisi akiwa upande wake alisikia pumzi ndefu ya huzuni ikitoka upande wa pili. Kisha ya pili. Akahofia tumbo.

"Ewe beberu," akasema, "muulize huyo mkandikaji kama amekula kitu chenye sumu."

"Ewe beberu," ikajibu sauti nzito, "mwambie mama wa nyumba hii kwamba sijala kitu tangu jana. Nalia kwa ajili ya binti yake. Machozi hayajatoka, lakini najitahidi."

Loisi akasimama. "Muulize nani kamfundisha upuuzi huo."

"Mwambie ni Shamsi. Zipora aliniazima daftari juma lililopita nikalisoma stesheni, kati ya gari na gari. Ni hekaya nzuri, beberu. Mtu yule anajua kupenda."

Naam, ndipo vita ilipowaka. Kama simba jike aliyerudi akakuta fisi kwenye mlango wa pango, ndivyo Loisi alivyojitupia kanga begani akainua daftari juu.

"Mwambie Shamsi ni mvivu. Siku saba analia, ng'ombe wa baba yake wanakamuliwa na nani?"

"Mwambie mtoto wa waziri hana ng'ombe."

"Basi ni maskini, na aseme hivyo mapema. Mwambie tena, huyo kijakazi wa Yasmini, anayepeleka barua, anayechota maji, anayedanganya walinzi, ndiye mwenye akili humo, na mwandishi amemwacha mlangoni bila hata kumpa jina. Mimi ningemwoza yeye kwa waziri."

Bonge la udongo likapigwa ukutani. "Hapo," ikasema sauti, "beberu, mwambie mama tuko pamoja. Hata mimi nilimpenda kijakazi. Lakini Shamsi asilaumiwe. Alikwenda jangwani kwa mapenzi, na alimuaga Yasmini vizuri."

"Hakumuaga."

"Alimuaga. Akamshika mkono. Nalikumbuka neno."

"Beberu, mwambie hakumuaga! Aliamka akaondoka kama mwizi wa kuku. Mtoto wa watu akakaa dirishani miaka saba hajui kama yu hai au kafa."

"Mwambie mama, kwa heshima yote, amesahau."

Amesahau. Neno hilo aliambiwa Loisi, aliyeunguza mlenda kwa ajili ya kila mstari. Dunia ikawa nyekundu. Sheria ya mababu, haya ya ukwe, mkia wa beberu, vyote vikatoweka machoni pake. Ukabaki ukurasa mmoja tu. Akaruka pembe ya nyumba, daftari wazi mbele yake kama ngao, akasimama mbele ya kifua cha Silvano, akagonga karatasi kwa kidole.

"Thelathini na moja. Soma."

Na Silvano, mikono imejaa udongo, akainama akasoma. Alisoma polepole mpaka chini. Akarudi juu akasoma tena. Kisha akainua uso, akamtazama mama mkwe wake machoni, akasema:

"Ni kweli, mama. Hakuaga."

Ndipo wote wawili walipojua walipo.

Mazengo, aliyekuwa akitoka zizini, aliona mkewe na mkwewe pua kwa pua, akaketi chini palepale juu ya samadi. Loisi akajifunika kanga mpaka kichwani. Akaona alilofanya: kwa mikono yake mwenyewe ameivunja posa aliyotoka kuiokoa, na wazee wako njiani. Kutoka mlangoni akatokea Zipora, ambaye alikuwa amesikia yote, akamwendea Silvano.

"Mbona hukukimbia?" akamuuliza. "Ulipaswa kukimbia."

"Nilikuwa nasoma."

"Shamsi alianguka kwa kuona kisigino. Wewe umeuona uso wa mama yangu akiwa amekasirika, na miguu yako haikutetemeka."

"Ilitetemeka. Ni njaa."

Zipora akasogea hatua moja. "Ungekwenda jangwani, ungeniaga?"

"Nisingekwenda," akasema Silvano. "Lulu zinapita stesheni kwenye masanduku. Ningekuulizia."

Zipora akaingia ndani akamletea ugali. Na mwanamke anayempelekea mwanamume ugali mbele ya baba yake, mchana kweupe, keshasema aliyotaka kusema.

Wazee walipofika wakaelezwa, waliketi chini kwanza, maana jambo la namna hiyo hawakuwa wamelisikia. Mkubwa wao akauliza mara mbili waligombania nini hasa, na alipoambiwa ni mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, akaomba maji. Kisha wakatoa hukumu: kila upande utoe mbuzi mmoja wa kuondoa aibu, na harusi ifanyike mwezi huohuo, upesi, kabla mama mkwe hajaazima daftari jingine.

Jioni Loisi alilirudisha kwa Kuluthumu na kusema la moyoni, kwa kuwa ndilo sharti: kwamba Shamsi ni mjinga, Yasmini angefunga dirisha, na karani aulizwe haraka sana kijakazi aliishia wapi.

Jihadharini basi, enyi mama. Mkisikia binti anasoma hekaya za mapenzi, msimfuate humo ndani, maana yeye atatoka na nyinyi mtabaki. Lakini ihesabiwe miongoni mwa siku kuu za nchi, pamoja na siku za njaa na siku ya gari la moshi, asubuhi ile Loisi mke wa Mazengo alipomshinda mbeba mizigo wa stesheni kwa kidole kimoja, naye akakiri mbele ya beberu na mbele ya mbingu kwamba Shamsi hakuaga.