Namba Kubwa Kuliko ya Melis

Jumatatu, 14 Januari

Naryn, mji wetu, imeganda. Mto umeganda, kamba ya nguo imeganda, masharubu ya jirani yameganda. Mimi peke yangu nina joto.

Baba mkwe, mzee Kydyraly, katangaza leo kwenye chai. Jumamosi binti yake wa mwisho, Perizat, anaolewa Kochkor, ng'ambo ya milima. Atapelekwa kwa gari langu au la Melis. Melis ni mwanyumba wangu: kaoa dada wa mke wangu, na tangu siku hiyo anatembea kama aliyeoa ukoo mzima. Ijumaa mzee atayakagua magari yote mawili, ndipo achague.

Anayempeleka bibi harusi hukalishwa mahali pa heshima, na kichwa cha kondoo huwekwa mbele yake. Harusi mbili zilizopita za ukoo, kichwa kilikwenda kwa Melis. Kila alipokata nyama ya shavu alinitazama.

Safari hii kichwa ni changu.

Jumanne, 15 Januari

Nimekwenda kwa mama Burul, muuza vipuri, kununua oili mpya ya injini. Makopo yamejaa namba. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, Melis huchukua ipi. Akasema sifuri-thelathini.

Sifuri. Mwanamume mzima, na masharubu yake! Nimecheka mpaka nikashikilia rafu.

Nikaomba kopo lenye namba kubwa kuliko yote. Akapanda ngazi, akanishushia ishirini-hamsini, akapangusa vumbi, akauliza kama nahamia jangwani. Wivu tu.

Nyumbani mke wangu Salkyn kafungua boneti na kunionyesha kifuniko cha tundu la oili. Kimeandikwa wazi: tano-thelathini. Kasema namba ya kwanza ni ya baridi; ikiwa ndogo, oili inatiririka hata kukiganda. "Baba Aktan, gari lenyewe limekuandikia, wewe unabishana na nani?"

Nimemweleza kwa upole kwamba tano ni kama darasa la kwanza. Unaanzia pale, huwezi kubaki pale.

Nimemwaga oili ya zamani kwenye gereji ya rafiki, jiko linawaka kando, nikatia mpya. Nzito kama asali. Injini imenguruma kwa sauti ya mkurugenzi. Nimerudi nyumbani taratibu, madirisha wazi, watu wasikie. Masikio sasa siyahisi.

Alhamisi, 17 Januari

Gari limekataa.

Ufunguo nazungusha, lenyewe linasema ng'oo, kisha ng'oo nyingine ndefu zaidi, kama mzee anayeamshwa kuswali alfajiri. Nimechomoa kijiti cha kupimia. Oili haidondoki. Imekaa juu yake kama mafuta ya kondoo yaliyolala sahanini. Salkyn kapita na ndoo. Alikuwa anapiga mluzi.

Nimewasha makaa kwenye karai, nikalisukuma chini ya injini. Gari limewaka! Bampa nalo limeyeyuka upande mmoja, na sasa gari lina mdomo wa mtu anayenong'ona siri. Lakini limewaka. Nimelifunika kwa mapazia ya mahameli kutoka dukani kwangu. Anayeuza mapazia hakosi blanketi.

Kisha likanijia wazo zuri sana. Kama gari langu halina uhakika, kwa nini la Melis liwe nao?

Nilibakiwa na oili ya kutosha. Nimempelekea kama zawadi. Nimemwambia, kwa sauti ya ndugu wa damu, kwamba ile sifuri yake ni maji matupu, na kwenye mlima itamsagia injini. Akalishika kopo kwa mikono miwili. Macho yakamlowa.

"Kaka Tologon," akasema, "miaka yote hii sikujua kama unanipenda."

Nikaona haya. Haikudumu.

Ijumaa, 18 Januari

Ukaguzi. Langu nimelipasha makaa, nikafika likinguruma. Melis kafika kutoka gereji yenye joto, oili yangu imeshatiwa, gari lake nalo linanguruma vilevile. Mzee kainamia injini moja, kisha nyingine, jinsi anavyosikiliza vifua vya farasi. Ameuliza gari langu limegongwa na nini. Nikasema ni mtindo.

Akatoa uamuzi. Magari yote mawili yalale nje, uani kwake, na mtu asiyaguse. Litakalowaka kwanza kesho ndilo litakalombeba Perizat.

Furaha niliyopata sina pa kuiweka. Kwa oili ile Melis hatoki hata hatua moja. Nimeimba njia nzima. Nilipofika mezani, kijiko kikiwa karibu na mdomo, ndipo nikakumbuka ndani ya gari langu mna oili gani.

Jumamosi, 19 Januari

Baridi ya leo haijapata kuwapo. Perizat kasimama mlangoni, gauni jeupe juu, viatu vya manyoya chini. Mzee kainua mkono. Tukazungusha funguo.

Langu: ng'oo. La Melis: ng'oo. Ng'ombe wawili wanaitana ng'ambo na ng'ambo. Mbwa wa mzee akaitikia. Kisha betri zikafa, langu kwanza. Hata hilo Melis kanishinda.

Mzee akauliza tumetia oili gani. Mimi nikaanza kukohoa. Melis, ambaye hajui kuficha, akajibu kwa fahari: ile aliyopewa na kaka Tologon, kwa mapenzi.

Mzee akanigeukia. "Mwanangu," akasema, "binti mmoja nilikupa. Huyu mwingine unamzuilia nini?"

Simu ya Perizat ikalia. Ni bwana harusi, kutoka Kochkor: wageni wamejaa, yeye amesimama barabarani akingoja tangu asubuhi, je, Perizat kabadili nia? Perizat alijibu hapana, hapana, kisha mdomo ukaanza kumcheza. Pale nilijisikia vibaya kwelikweli. Sikuwa nimemfikiria yeye hata kidogo, nilifikiria kichwa cha kondoo.

Likapita lori la makaa. Perizat akakimbilia barabarani na shela lake, mikono juu, akalisimamisha. Dereva, bwana mmoja aitwaye Toktosun, akasema anakwenda Kochkor hasa. Bibi harusi akapanda mbele pamoja na wazazi wake. Sisi wengine nyuma, juu ya makaa, na kofia zetu za sherehe.

Lazima niandike ukweli: sijapata kupanda gari lililonifurahisha hivyo. Mlima mweupe, jua, upepo wa kukata pua, na shela la Perizat linapepea dirishani. Salkyn akaanza wimbo, tukaudaka wote. Kwenye kona Melis alinishika mkono nisidondoke. Nilipomwambia yote, alicheka mpaka akateleza na kuketi kwenye ndoo ya makaa.

Tulipofika, bwana harusi alimfuta Perizat masizi shavuni kwa mkono wa koti lake, wala hakutaka kumwachia tena. Kichwa cha kondoo kapewa Toktosun. Masikio, ambayo ni ya watoto, aliyakata akatugawia sisi: moja langu, moja la Melis.

Jumanne, 22 Januari

Nimetia tano-thelathini. Gari linawaka kwa kuguswa tu. Nimemwambia Salkyn kwamba mtu mzima hukubali alipokosea, na mimi sasa ni mtu mwingine.

Mchana mama mkwe kanituma sokoni nimnunulie miwani ya kushonea. Karudia: namba mbili, daktari kasema mbili. Nikaitikia. Njiani nikawaza. Mbili! Mama aliyelea mabinti watatu na kumvumilia mzee Kydyraly, apewe mbili? Melis angemletea mbili kweli, ndivyo alivyo.

Muuzaji alikuwa nazo mpaka sita. Nimechukua sita. Kesho mama ataona mpaka Kochkor.