Mayai ya Mjomba Amos

Jumatatu, 7 Machi 1938

Wamenipa kiti! Miaka yote katika studio hii nimesimama nyuma ya viti vya wenzangu. Nimefungua milango, nimepokea makoti, nimesema "Chakula tayari, bibi." Leo mwongozaji wetu, Bwana Ruddick, kaniambia kwamba katika filamu hii mimi si mtumishi. Mimi ni Mjomba Amos. Nakaa mezani na familia, napata kifungua kinywa kama mtu. Hata sentensi ninayo: "Kula, Julia. Kahawa inapoa." Nimeirudia bafuni mpaka Lavinia, mke wangu, kagonga mlango kuuliza kama huyo Julia ameshakula au amekufa.

Furaha ina mwiba. Kila baada ya miezi sita ofisi ina haki ya kuuvunja mkataba wangu bila kunieleza sababu. Miezi sita inakwisha Jumamosi. Na Dotty wa chumba cha nywele, ambaye husikia kila kitu kwa kuwa hakuna anyamazaye akioshwa kichwa, kaniambia safari hii wamebakiza nafasi moja tu ya mzee. Wazee tuko wawili. Mimi na Clement Hobb.

Hobb! Jirani yangu, mlango kwa mlango. Mtumishi wa filamu kama mimi, kanizidi urefu kidogo tu, naye haachi kuutumia. Tumekuwa tukisoma gazeti moja tangu tuhamie. Asubuhi kanisalimu kwa tabasamu kama kawaida. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nina miaka hamsini na minane. Watu wanaujua uso wangu, jina hawalijui. Leo kwenye tramu mama mmoja kanikazia macho njia nzima, kisha akauliza kama si mimi niliyemng'oa jino. Wakinitupa nitakwenda wapi? Ninachojua ni kufungua milango. Naogopa, nayaandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka.

Lavinia anasema, "Wewe mzee, kaa kimya kwenye hicho kiti chako ule mshahara." Mke mwema, ila sanaa haijui. Bwana Stroud, mkubwa wa ghorofa ya juu, ataitazama picha yetu ya mezani Ijumaa jioni, ndipo aamue. Lazima anione mimi. Nahitaji jambo la kufanya ambalo hakuna mkasi utakaothubutu kulikata.

Nimelipata. Yai!

Jumanne, 8 Machi

Ushindi! Meza ya mahogani, vikombe vya kaure, taa kali za kutosha kukausha nguo. Nyota wetu, Bi Marguerite Fane, ndiye Julia. Analetewa simu ya maandishi kwamba baba yake amefariki. Anaisoma. Kimya. Chozi linatoka jicho la kushoto, upande wa kamera. Na hapo hapo, katikati ya kimya kile, mimi: tak! Yai la kuchemsha, kwenye ukingo wa sahani.

Watu wote waligeuka. Nikalimenya taratibu. Nikalitia chumvi. Nikalila lote, kwa huzuni, macho yakiwa kwa Julia. Kisha sentensi yangu.

Nilidhani Ruddick atanikatiza. Wapi! Kaniangalia muda mrefu, kisha kamgeukia Bi Pringle, ambaye kazi yake ni kukumbuka nani alishika nini kwa mkono upi, akamwambia aandike yai. Aandike! Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuandika jambo nililofanya.

Bi Fane kauliza kwa sauti ya asali kama mjomba huwa na njaa hivi kila anapofiwa. Wivu.

Jambo moja tu linanisumbua. Mtumishi anayesimama nyuma ya kiti changu na kuniwekea yai ni Hobb. Kaniinamia sikioni akaninong'oneza, "Osgood, ndugu yangu, una hakika?" Nilimwelewa sana. Lake jicho lilikuwa kwenye kiti changu.

Jumatano, 9 Machi

Balaa.

Nieleze vizuri, maana kichwa hakijatulia. Filamu hupigwa kwanza kwa mbali, watu wote pamoja. Kisha kamera husogezwa, ikatazama huyu, kisha yule, kisha yule mwingine. Na kila mara sote turudie yale yale tuliyofanya mwanzo, kwa mkono ule ule, kwenye neno lile lile, la sivyo vipande haviungiki. Kila mtu katika mji huu anaijua sheria hiyo. Mimi pia naijua, kama mtu ajuavyo kwamba kuna bahari. Lakini mtumishi anasimama tu. Sikuwahi kufanya kitu, kwa hiyo sikuwahi kuwa na kitu cha kurudia.

Leo ilikuwa zamu ya Bi Fane. Chozi lake halikutaka kutoka jicho la kushoto. Lilitoka la kulia. Mara yakatoka yote mawili. Mara hakuna. Kila lilipokosea, Ruddick akasema turudie. Na kila tuliporudia, mkono wa Hobb ukatokea nyuma ya bega langu na yai.

Nimeacha kuhesabu. Kamera hainitazami hata! Inaona kiwiko cha mkono wangu tu! Nikajaribu kulisokomeza moja kwenye kitambaa cha meza. Bi Pringle kasema, bila kuinua macho, "Yai halikuliwa, Bwana Pruitt." Picha nzima ikatupwa. Nikajaribu kumega nusu. Akasema jana liliisha lote. Nikamwomba Ruddick, kwa heshima, kwamba labda Mjomba Amos ameshiba. Kaniambia mbele ya mafundi wote, "Mzee, hilo yai hukuletewa na mtu. Umelitaga mwenyewe, sasa limeze." Mafundi walicheka mpaka mmoja akashika ngazi.

Mchana Hobb kaniletea dawa ya kiungulia ndani ya kikombe cha karatasi. Niliimwaga kwenye ua wa studio. Sina wazimu.

Lavinia alikuwa amepika kuku. Nilimwangalia yule kuku nikafikiria alikotoka. Nikaondoka mezani.

Alhamisi, 10 Machi

Usiku wa leo mjini wanagawa tuzo za filamu, zilizoahirishwa kwa sababu ya mafuriko. Nyota watapewa sanamu. Sisi waigizaji wasaidizi, aliye bora kuliko wote atapewa kibao cha kutundika ukutani. Mimi ningekipokea hata kibao. Ningekipokea kwa magoti.

Lakini akili haikulala. Tatizo si yai. Tatizo ni chozi! Bi Fane akilia haraka, nami nitakula kidogo. Nikaja na kitunguu mfukoni. Wakati wa kupanga taa nikakichukua kitambaa chake cha mkononi pale mezani, nikakisugua vizuri, nikakirudisha. Penye nia pana njia.

Njia ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani. Alikipeleka machoni, akapiga ukelele uliowashtua hata wale waliokuwa juu kwenye taa. Machozi yalitoka, ndiyo. Yalitoka machoni, puani, yakaondoka na wanja wote. Macho yakavimba kama maandazi. Daktari akaitwa. Kazi ikasimama mpaka alasiri.

Ruddick kapanga watu wote mstari. Kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya, kauliza nani kaweka kitunguu. Yeyote yule, kasema, leo hii anatoka kwenye geti na harudi. Harufu ilikuwa vidoleni mwangu, naapa hata kamera iliisikia. Nikamwona Hobb ananitazama mikono. Nikajua nimekwisha. Anafungua kinywa, nafasi ni yake.

Akasema ni yeye. Kwamba alikuwa akila mkate na kitunguu, akakishika kitambaa cha bibi ili kukikunja vizuri, bila kukusudia, na anaomba radhi.

Ruddick alimtazama sana. Kisha kamwambia siku nyingine ale jibini.

Nimelifikiria jambo hili jioni nzima na sasa nimelielewa. Ujanja ulioje! Anataka niwe na deni naye. Anataka aonekane muungwana mbele ya Ruddick. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huyu bwana amekaa kimya wiki nzima.

Ijumaa, 11 Machi

Zamu yangu. Kamera iko usoni pangu. Karibu kiasi cha kuhesabu nywele za pua.

Nilijiandaa kwa vita. Nyusi ya kulia ipande kwenye neno "simu". Kikohozi kidogo. Chumvi irushwe begani. Lakini tumbo lilikuwa limeniamsha alfajiri, na nilipofika nilikuwa na rangi ambayo Dotty alishindwa kuifunika kwa poda. Taa zikawaka. Bi Fane akaanza kusoma. Mkono wa Hobb ukaja, na yai.

Sikuweza. Mkono haukuinuka. Nyusi haikupanda. Nilijua nikigusa kitu chochote, hata kijiko, nitaaibika mbele ya dunia nzima. Nikakaa tu. Nikaitazama sahani, nikamtazama yule binti analia, nikawaza: kesho saa sita wananitoa, na Lavinia ameshanunua mbegu za bustani. Nikasema sentensi yangu. Ilitoka nyembamba, sikuitambua.

Hakuna aliyesema "basi". Kamera iliendelea kulia peke yake. Nilipogeuka nikamwona Bi Pringle anapangusa miwani, na hakuuliza habari za yai. Ruddick akaja akaniwekea mkono begani. Kasema neno moja tu: "Hapo." Sikungoja la pili, nilikimbilia ndoo.

Nimeharibu! Picha ya karibu pekee katika maisha yangu, na sikufanya chochote! Yai liko mezani, zima, limekaa kama mashtaka. Stroud anaitazama sasa hivi ninapoandika. Lavinia ananishika mkono na hasemi kitu, na kwa Lavinia hilo ni jambo la kutisha.

Jumamosi, 12 Machi

Tuliitwa wote wawili. Benchi la ngozi nje ya ofisi ya Stroud, mimi upande huu, Hobb upande ule, kofia magotini. Pale tulionekana kama watumishi wawili wanaongoja kengele. Hobb kaniambia bustani yake imejaa matope ya mafuriko. Nikajibu hata yangu.

Wakamwita yeye kwanza. Nilikaa nikisikiliza mlango. Sauti za chini. Kicheko kimoja. Kicheko! Basi, nikasema, limekwisha. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Lavinia.

Hobb akatoka, akavaa kofia yake taratibu. Akasema, "Ingia, jirani. Wanakungoja wewe."

Stroud hakunikaribisha kukaa. Kaniambia mayai yote yamekatwa, kila moja, hata ile tak. Kisha kasema kwamba ameangalia uso wangu wa jana mara mbili, na katibu wake akatoka nje kulia. Kasema amenilipa muda wote huu bila kujua kwamba naweza kukaa kimya. Mkataba unaendelea.

Nikashika ukingo wa meza. Nikauliza, na Hobb?

Kasema Hobb ndiye aliyepewa nafasi kwanza, maana ni mrefu na hana vurugu. Akaikataa. Alisema mimi nina uso, yeye ana mgongo tu, na migongo iko mingi mjini. Kwa hiyo Hobb anaondoka.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nikawa nacheka, kisha nikawa silijui ninalochekea.

Jumapili, 13 Machi

Nimelala vizuri na sasa naona kila kitu wazi.

Hobb ameshindwa. Alijua akibaki angelazimika kushindana na mimi miezi sita mingine, moyo ukamshinda, akajitoa kwa maneno mazuri ili ionekane hisani. Simlaumu. Si kila mtu ana tumbo la kazi hii.

Asubuhi alikuja kuaga. Anakwenda kwa dada yake Ohio, atamsaidia katika duka la vyombo. Ametuachia gazeti, la leo, kabla hata hajalisoma. Lavinia kamfungia mkate wa tufaha wa kula kwenye treni, akalia waziwazi, akamwita kaka. Mimi nilimpa mkono. Yeye akaushika kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Osgood, kaa kimya tu. Ukikaa kimya hakuna anayekuweza." Nimelipima neno hilo kila upande. Ni wazi anataka kuniharibia hata akiwa Ohio.

Maana Jumatatu tunaanza filamu mpya, na mimi ni hakimu! Nakaa tena! Hakimu ana nyundo yake ya mbao mkono wa kulia, na wa kushoto hauna kazi. Nimekwisha nunua karanga, zenye maganda, zile zinazolia vizuri. Wakati mshtakiwa anasomewa hukumu ya kunyongwa, kimya kizimbani, mimi: tak! Safari hii Stroud hatakuwa na pa kukata.

Lavinia anasema nimwandikie Hobb barua ya shukrani, ataikuta akifika. Amerudia mara ya tatu sasa, na amesimama mlangoni na kalamu. Shukrani ya nini? Mayai nilikula mimi.